Kuruta Kibogoyo

Hodi, wenyewe.
— Karibu, mkeka umetandikwa.
Nimekuja na ngano.
— Itue tuione.
Ina mwizi ndani yake.
— Mshike asitoroke.
Ina na askari pia.
— Basi na yeye tutamwangalia.

Haya. Zamani, wanyama walipokuwa na serikali yao, Kobe alikuwa mkulima wa matango. Na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Tango la Kobe ukiliuma linalia kwacha, jirani anageuka kuuliza unakula nini. Alikuwa na mke, Mama Siti, na watoto waliokwisha kwenda kwao. Umri wake haukuwa wa ujana wala wa uzee. Ulikuwa umri ule wa kuguna kidogo ukiinuka, halafu kutazama huku na huku kama kuna aliyesikia.

Basi kila asubuhi Kobe anamwagilia matango, chwa, chwa, chwa. Akifika tuta la mwisho anasimama na kutazama ng'ambo ya bonde, kwenye kituo cha polisi. Anatazama, anatazama, mpaka maji yanamwagikia miguuni.

"Baba Siti," mkewe anaita, "unamwagilia matango au unajimwagilia mwenyewe?"

Alikuwa anautamani uaskari. Aliutamani tangu utotoni, na niwaambie sababu, maana msije mkadhani ni mambo ya kofia. Alipokuwa mdogo, mpita njia mmoja mwenye mchezo mbaya alimbinua mama yake akaenda zake akicheka. Kobe akibinuliwa hawezi kugeuka. Mama akalala chali juani, miguu hewani. Mtoto akasukuma, wapi. Akaita askari. Akaita na kuita mpaka sauti ikakatika. Hakuja mtu. Jioni mvua ikanyesha, kilima kikateleza, mama akabiringika akasimama mwenyewe, na miaka mingi aliishi. Lakini tangu siku ile, mama akisikia hatua njiani alikuwa anainua shingo kutazama kama ni yule aliyeitwa.

Kobe alitaka kuwa yule aliyeitwa. Alitaka siku moja mtu aite, naye atokee. Basi, hamu yake yote ni hiyo, na ilimkalia kifuani miaka yote ya matango.

Siku moja Kunguru akapita akitangaza. "Kraa. Wanatakiwa askari wapya. Vijana tu. Wenye umri wao wasijisumbue, mtaangaliwa meno. Kraa."

Mnajua mnadani mnunuzi anavyomfungua mbuzi mdomo kumtazama umri. Ndivyo walivyofanya. Mkuu wa kituo alikuwa Inspekta Fisi, tumbo mbele, firimbi shingoni. Wanyama wakapanga foleni. Fisi anafungua mdomo, anatazama, anasema, "Kijana, pita." Anafungua mwingine, anatazama, anasema, "Mzee, rudi nyumbani."

Ikafika zamu ya Kobe. Fisi akamtazama ngozi ya shingo iliyokunjamana, akacheka. "Wewe babu umekuja kumleta mjukuu?"

"Nimekuja mwenyewe, afande. Sheria si meno? Nitazame meno."

Akafungua mdomo. Fisi akatazama juu, akatazama chini, akaingiza pua. Hakuona kitu. Kobe, kama mjuavyo, hana jino hata la dawa, wala hakuwahi kuwa nalo.

"Meno yako yako wapi?"

"Hayajaota, afande."

Fisi akakuna sikio. Mwenye meno yaliyochakaa ni mzee. Mwenye meno meupe ni kijana. Asiyeota meno kabisa ni nani, kama si mtoto mchanga? Sheria ilikuwa yake mwenyewe, na foleni nzima ilikuwa inamsikiliza.

"Na hizo kunyanzi?"

"Watoto wachanga wote wana kunyanzi, afande."

Lakini Fisi hakumchukua kwa sheria peke yake. Alimchukua kwa tumbo. Kituoni kulikuwa na stoo ya vielelezo, yaani vitu vilivyokamatwa pamoja na wezi, vinavyowekwa mpaka siku ya kesi. Kila askari aliyewekwa pale alikuwa anavidokoa. Fisi hakupenda vidokolewe, kwa sababu alivila yeye. Akawaza, huyu kibogoyo atadokoa nini? Akampa stoo.

Gwarideni Kobe alikuwa kioja. Fisi akisema "nyuma geuka", makuruta wanageuka, wanatembea, wanarudi, wanageuka tena, ndiyo Kobe anamaliza ile ya kwanza. Mwishowe wote wanatazama upande mmoja, na Kobe anasifiwa kwa kutokwenda mbiombio.

Jioni alimwambia mkewe, "Mama Siti, nimekuwa askari."

Mama Siti akamtazama sana. Alijua, maana amelala ubavuni pa hamu ile miaka yote. "Haya," akasema. "Matango nitamwagilia mimi. Ila ukiumwa mgongo usije ukanililia."

Kazi ikaanza. Akaja Nyegere na chungu cha asali. Kilikuwa kimeibwa, kimepatikana, mwizi kakamatwa.

"Nipeni chungu changu niende," akasema Nyegere.

Fisi akaweka mkono juu ya chungu. "Kielelezo hakitoki kituoni mpaka kesi isikilizwe."

Nyegere akaenda. Fisi akaingia stoo, lamba, lamba, lamba. Siku ya kesi Nyegere akaja. Fisi akajipangusa midomo. "Kesi haina kielelezo. Nenda nyumbani." Mwizi akaachiwa, akatoka na Nyegere mlango mmoja.

Akaja Bi Kanga na maboga yake. "Nipeni maboga yangu niende."

"Kielelezo hakitoki kituoni mpaka kesi isikilizwe."

Bi Kanga akaenda. Fisi akaingia stoo, mwata, mwata, mwata. Siku ya kesi Bi Kanga akaja. "Kesi haina kielelezo. Nenda nyumbani."

Kobe alisimama mlangoni akaona yote. Akamwona Bi Kanga anavyoteremka ngazi bila kugeuka nyuma, na akajua huyu hataita askari tena maisha yake. Roho ikamuuma. Aliacha matango yake ili awe yule anayekuja watu wakiita, na sasa amekuwa mlango wa wanaofukuzwa.

Akaja Korongo na mtungo wa samaki wakavu. "Nipeni samaki wangu niende," akasema, na Fisi akamjibu kama alivyowajibu wenzake. Korongo akaenda. Harufu ya samaki ikajaa kituo kizima, Fisi akawa anameza mate kabla ya wakati.

Kobe akamwendea polepole, mguu sawa. "Afande, mimi bado mtoto, naomba kufundishwa. Kielelezo kikiwa ndani ya chombo, tunakiweka kielelezo au tunakiweka chombo?"

"Vyote viwili, mjinga wewe. Asali hukai nayo mkononi."

"Na chombo kikitaka kutoka?"

"Hakitoki mpaka kesi isikilizwe. Hata kiwe cha nani. Sasa nipishe."

"Asante afande. Nimeelewa."

Fisi akaingia stoo. Tafu, tafu, tafu, samaki na miiba yake. Mlango wa stoo ulikuwa unafunguka kwa nje. Kobe akausukuma ukajifunga, akajiingiza kati yake na jiwe kubwa lililokuwa mbele, akavuta kichwa ndani, akavuta miguu ndani, akakaa. Mbio hakujaliwa. Kukaa, hapo sasa, nani wa kushindana naye?

Fisi akamaliza, akacheua, akasukuma mlango. Mlango kimya.

"Kobe, fungua."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, afande wako."

"Afande, humo ndani mna asali ya Nyegere, mna maboga ya Bi Kanga, mna samaki wa Korongo, na mna chombo chake. Havitoki kituoni mpaka kesi isikilizwe."

"Fungua, hiyo ni amri."

"Amri nimeipokea, afande. Nitaitekeleza kesi ikiisha."

Gu. Fisi akaupiga mlango kwa bega. Gu, gu. Gamba likalia ko, ko, Kobe hakusogea. Akatishia kumfukuza kazi. Akaahidi kumpandisha cheo. Akalia. Kobe anajibu lile lile, bila hasira, kwa adabu zote za kazi.

Wenye mali wakasikia kelele, wakaja. Akaitwa Hakimu Ndovu, akaja naye, ardhi ikisema tindi, tindi. Ndovu akapitisha mkonga dirishani, akaunusa mdomo wa Fisi. "Nasikia asali," akasema. "Nasikia boga. Na samaki, tena kaliwa leo."

"Sikuvila, mheshimiwa," akasema Fisi.

"Kama hukuvila viko wapi?"

Fisi akafikiri. "Basi nilivila."

"Kama ulivila, wewe ndiye chombo, na kielelezo kipo. Kesi iendelee."

Ikawa mara ya kwanza Fisi kuomba Mungu kesi isiwe na kielelezo. Ndovu akamfunga kamba shingoni, na kijibao cha kielelezo, akaondoka naye kwenda stoo ya mahakama ng'ambo ya mto, na kesi ile, nasikia, bado inapangiwa tarehe. Firimbi akaachiwa Kobe. Makuruta wengine, walipoona hakuna tena cha kudokoa, wakaaga mmoja mmoja.

Hapo wengi wenu mngetaka niseme akafurahi. Hakufurahi, maana hakuna aliyeita.

Kobe akafagia kituo. Akapaka gamba mafuta ya nazi likameta. Akasimama kizingitini asubuhi, akasimama mchana, masikio wazi. Watu wanapita, wanainamisha vichwa, wanakaza mwendo. Matango yakachanua bondeni ng'ambo bila yeye. Aliyatazama kutoka kituoni kama zamani alivyokitazama kituo kutoka matangoni, na akajicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mama Siti akamletea chakula. "Bado?"

"Bado."

"Labda hakuna shida nchini."

"Shida ipo, Mama Siti. Wamezoea kunyamaza."

Mkewe akakaa naye kidogo, akamwondolea jani gambani. "Nawe ulivyotaka jambo hili," akasema.

Mvua zikaja zikapita. Halafu mchana mmoja, kutoka mbali, nyuma ya kilima cha pili, ikaja sauti nyembamba. "Askari."

Kobe akadhani ni masikio yake. Ikaja tena. "Jamani, askari."

Moyo wake ukaruka kama chura. Akateremka ngazi, moja, halafu nyingine, halafu akapiga firimbi, priii, akaita kwa nguvu zake zote, "Nakuja."

Akaenda. Kata-kata, kata-kata. Akapita matangoni hakusimama. "Nakuja." Kata-kata, kata-kata. Akapanda kilima cha kwanza, pumzi juu. "Nakuja, mama." Alikimbia, wallahi alikimbia, ila mbio za kobe wewe ukizitazama unasema kalala. Jua likamtangulia kwenda chini. Ile sauti ikanyamaza. Yeye hakunyamaza. "Nakuja. Nakuja."

Alipofika jua lilikuwa linazama. Aliyeita alikuwa Bi Kwale, amesimama karibu na kiota. Kenge alipita mchana, akala mayai yote, akaenda zake. Hapakubaki ila maganda.

Kobe akasimama. Maneno yote aliyoyapanga utoto na utu uzima wake yakamtoka kichwani.

"Umechelewa," akasema Bi Kwale.

"Nimechelewa."

"Kenge kaondoka zamani."

"Najua. Nitamtafuta. Nitachelewa na huko, lakini nitamtafuta."

Bi Kwale akatazama maganda, akamtazama Kobe, vumbi mpaka machoni. "Tangu nilipoita nimekusikia unakuja," akasema. "Nilipochoka kulia, nilikuwa nakusikiliza wewe. Kaa, afande. Kaa kidogo nisiwe peke yangu."

Kobe akakaa. Hakuwahi kuitwa afande na mtu. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, na wawili hao wakakaa mpaka giza likaingia. Kesho yake, kituoni, zilisikika sauti za watu wawili wakiita askari.

Ngano yangu inalala hapa.
— Ilale salama.
Atakayeiamsha?
— Aipe uji.

Na funzo lake, maana bila funzo mtasema nimewalia jioni yenu bure, ni hili. Ukishafika umri wa kuguna, kaa na matango yako. Uaskari ni kazi ya vijana wenye meno na wenye mbio. Na wewe ukipatwa na shida, usikubali kuletewa kobe mzee anayekuja akihema. Ngoja wale wa mbio. Wameshaambiwa, watafika sasa hivi, na mimi mwenyewe mwaka wa ngapi huu nawangoja.