Jina Moja kwenye Fomu

Siku ile, katika ukumbi wa kata pale Tukuyu, walikuwapo Lugano, Anyitike na Subilaga, wachezaji watatu wa mpira wa meza wenye ulemavu. Walikuwapo wapinzani wao watatu kutoka Kiwira, na kocha wao mwenye sauti nene. Alikuwapo mwamuzi, Bwana Mwasandube. Alikuwapo katibu wa mashindano, Bi Tumpe, aliyekumbatia fomu moja kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga. Na walikuwapo watazamaji waliojibana kwenye mabenchi, wengine na watoto mgongoni.

Lugano miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Huchezea kwenye kiti cha magurudumu, na macho yake yako karibu na meza kuliko ya mtu yeyote.

Anyitike hasikii. Mpira anaufuata kwa macho tu, na hata kope hazimchezi.

Subilaga, nahodha wao, ana mkono wa kulia. Wa kushoto unaishia kwenye kiwiko. Akianzisha, huuweka mpira juu ya raketi, akaurusha kwa raketi ileile, akaupiga ukishuka. Sheria inamruhusu.

Timu itakayoshinda ingepeleka mchezaji mmoja tu kwenye kambi ya vijana ya taifa. Wote watatu waliitaka kambi hiyo. Lakini kambi haipokei aliyetimiza miaka ishirini na sita, na Subilaga angetimiza mwezi wa kumi. Tangu asubuhi alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama, anachungulia dirishani, anarudi. Kamba ya kiatu chake ilifunguka mara mbili, na mara zote mbili Anyitike aliinama akamfungia bila kuombwa.

Walicheza kwa kupokezana: Lugano afikishe pointi kumi na moja, Anyitike aendeleze hadi ishirini na mbili, Subilaga amalizie thelathini na tatu.

Lugano alianza vibaya. Alikuwa nyuma kwa pointi nne, na watu wa Kiwira walishaanza kuimba. Ndipo akaona kitu ambacho aliyesimama asingekiona. Kabla ya kuupeleka mpira kushoto, mpinzani wake alikuwa akinyoosha kidole cha shahada nyuma ya raketi. Lugano akawa anausubiri mpira kulekule unakokuja, akafika kumi na moja wa kwanza. Alipotoka mezani alimwonyesha Anyitike kidole, akakinyoosha, akaelekeza kushoto. Wale wa Kiwira walifundishwa na kocha mmoja, na wote watatu walikuwa na tabia hiyohiyo.

Anyitike alikuwa ameanza tu mvua iliposhuka. Mvua ya Tukuyu kwenye bati mnaijua: mtu anakupigia kelele sikioni, wewe unaona meno tu. Mpinzani wake alizoea kuusikia mpira ukigongwa ili ajue umepigwa kwa nguvu gani. Sasa akapotea. Mara amtazame mwamuzi, mara atazame juu. Anyitike hakuwa na alichopoteza. Hata kidole kiliposahaulika kunyooshwa, yeye alibaki na macho yake. Akafika ishirini na mbili.

Subilaga akapokea raketi, na mvua ikakata. Ghafla kila mtu akasikia tena. Kocha wa Kiwira, aliyekuwa ameshagutuka, akanguruma, "Vidole! Wanasoma vidole vyenu!" Basi ile siri ikaisha, na ile kelele ikaisha. Subilaga akabaki na mkono wake. Wakakimbizana hadi thelathini na mbili kwa thelathini na mbili, zamu ya kuanzisha ikiwa yake. Lugano aliufuta mpira kwenye shati lake, akamwekea juu ya raketi taratibu, kama anayemwekea mtoto tonge mkononi. Subilaga akarusha. Mpinzani akatafuta mkono wa pili umwambie mpira unakwenda wapi, haukuwapo. Mpira ukampita ubavuni.

Thelathini na tatu.

Walikuwa bado wanakumbatiana Bi Tumpe alipofika na fomu.

"Hongereni, wanangu. Mwaka jana makocha ndio walichagua, watu wakanuniana mpaka Krismasi. Mwaka huu jina anaandika nahodha. Gari linaondoka saa kumi na moja."

"Mimi?" Subilaga aliuliza. "Bi Tumpe, na mimi nimecheza!"

"Ndiyo maana tunakuamini, mwanangu. Jina moja."

Lugano alisogeza kiti. "Andika mimi, dada. Huko kambini viti havitoshi, mimi naja na changu."

"Acha utani, Lugano."

"Utani gani? Bila kile kidole tungekuwa njiani tunalia saa hizi."

Anyitike alimpiga Lugano begani. Akaonyesha bati, akajionyesha macho, kisha akaegemeza shavu kwenye kiganja na kujifanya anakoroma.

"Anasema sisi wengine tulikuwa tumelala," Lugano akatafsiri, akicheka. Kisha cheko likamwishia. "Lakini ya mwisho umepiga wewe, dada. Hilo halina ubishi."

Anyitike akaitikia kwa kichwa.

Subilaga akaizungusha kalamu. Akiandika Lugano, macho ya Anyitike atayatazamaje? Akiandika Anyitike, Lugano atacheka, na yeye Subilaga atajua cheko hilo si cheko. Akijiandika mwenyewe, hajadhulumu mtu. Basi mbona mkono ni mzito? Akaenda dirishani, akarudi. Ilikuwa saa kumi na nusu.

Haya, ninyi mnaosikiliza, wakubwa kwa wadogo. Mmoja aliona, mmoja alistahimili, mmoja alimaliza, na kila mmoja alileta pointi kumi na moja, wala si zaidi. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?

Fomu iliondoka na gari saa kumi na moja. Jumatatu, kwenye mazoezi, walifika wawili.