Kiboko na Gemu za Bure

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini kando ya bwawa?

Kibanda!

Na ndani ya kibanda?

Kioo!

Na mbele ya kioo?

Tumbo!

Basi mnamjua. Wewe wa nyuma, weka hiyo simu chini, hadithi hii inakuhusu.

Hapo zamani, ila si zamani sana maana sola ilikuwa imeshafika, alikuwepo Bwana Kiboko. Kibandani kwake alikuwa na runinga na gemu. Ukitaka kucheza, unajiunga. Kujiunga ni kikapu cha chakula kila mwezi ukiandama: viazi, karanga, mihogo, chochote kinacholika. Na kila aliyejiunga hupewa gemu mpya ya bure.

"Ya bure kabisa," husema Kiboko, huku akipokea kikapu.

Mama Nguchiro naye alijiunga. Si kwa kupenda. Ana watoto, watoto wa jirani wameshajiunga, na mnajua wenyewe kelele zake.

Mwezi ukiandama, wanyama hukaa mbele ya kibanda kutoa maoni.

"Mwezi juzi magari, mwezi jana magari," Ngiri alinung'unika. "Mimi na magari wapi na wapi?"

"Kitu cha bure nacho unakitia kasoro," alisema Kanga. "Hata shukrani huna."

"Bure gani, na viazi vyangu viko ghalani kwake?"

"Viazi ni vya kujiunga. Gemu ndiyo ya bure."

Nungunungu hakuwa amecheza hata moja. "Mimi nazikusanya tu," alisema. "Nitacheza siku nikipata nafasi."

Mama Nguchiro alikuwa anawaza kiangazi. Nyumbani zilibaki karanga za kikapu kimoja, basi. Akizipeleka kwa Kiboko mwezi ujao, watoto watalala njaa. Asipozipeleka, watoto watalia gemu. Yupi alie, tumbo au mtoto? Na tumbo ni la mtoto yuleyule!

Mwezi ule Kiboko akatoa gemu ya kujificha. Mmoja anafumba macho, wengine wanajificha, anawatafuta. Watoto wa Nguchiro waliicheza kwenye kioo cha runinga asubuhi moja, wakabanwa na makalio ya Ngiri, wakaona taabu ya nini. Wakaenda kuicheza majanini. Chakacha, chakacha, vicheko mpaka jua likazama. Hakuna aliyeulizia kioo tena.

Mama Nguchiro akashukuru. Mwezi ulipoandama akaenda kwa Kiboko mikono mitupu.

"Bwana Kiboko, mimi najitoa. Gemu zako hizo hapo, sijaondoka na hata moja."

Kiboko akapiga mwayo, waaah. "Ukijitoa, gemu zote za bure zinarudi kwangu. Ndiyo sheria."

"Si zimerudi?"

"Ya kujificha haijarudi. Watoto wako wanaicheza majanini, nawasikia. Wamejifunzia kwangu, kwa hiyo ni yangu. Irudishe yote, nzima. Ukishindwa, lete kikapu kilichobaki nyumbani kwako, na uendelee kuleta kila mwezi."

Mama Nguchiro aliogopa, tusidanganyane. Utairudishaje gemu iliyokwisha kuingia miguuni mwa watoto? Akarudi nyumbani polepole, anajisemea njia nzima, "Yote, nzima. Yote, nzima." Alipofika mlangoni akaanza kucheka peke yake, akageuza, akapita kwa Ngiri, akapita kwa Kanga, akapita kwa Nungunungu.

Kulipokucha akatokea kibandani na watoto wake na wenzake wote watatu, kila mmoja na kikapu kitupu.

"Tumekuja kurudisha gemu," alisema. "Ulisema yote, nzima. Sasa gemu hii haiwi nzima bila mtafutaji, na mwenye gemu ni wewe. Simama pale, uso ukutani, ufumbe macho. Ukiicheza mpaka mwisho, imerudi."

"Na vikapu?"

"Vya kujifichia."

"Na mimi nafumbua lini?"

"Ukisikia tumesema tayari. Ukifumbua kabla, gemu imevunjika, na iliyovunjika si nzima. Hiyo tunabaki nayo sisi, bure."

"Bure?" Kiboko hakulipenda neno hilo likitoka mdomoni mwa mwingine. Akabandika uso ukutani, akafumba macho mpaka yakakunjamana.

"Tayari?" akauliza.

"Bado," wakajibu.

Nyuma yake mlango wa ghala ukasema kwiii.

"Tayari?"

"Bado."

Viazi vikaingia kikapuni, pu, pu, pu. Karanga, chwa, chwa, chwa. Kila mmoja alichukua chake. Kanga, yule wa shukrani, alijaza mpaka kikafurika.

"Mbona nasikia vishindo?"

"Ni Ngiri, anatafuta pa kujificha," alisema Mama Nguchiro. "Si unamjua alivyo?"

"Namjua. Tayari?"

"Bado." Sauti ilitoka bondeni.

Kiboko alitamani kuchungulia. Jicho moja tu, kidogo tu. Lakini akakumbuka gemu yake ikichezwa na watu bure, bila hata kiazi kimoja, moyo ukamuuma. Akabana macho zaidi.

"Tayari?"

"Baaado." Sauti ilitoka ng'ambo ya kilima.

"Tayari?"

Kimya. Na kimya si tayari, kwa hiyo akaendelea kusubiri.

Nyumbani kwa Mama Nguchiro chungu kilikuwa kinachemka, togo togo togo. Watoto walikula viazi mpaka wakalegea, wakalala palepale walipokaa. Mama Nguchiro akanyoosha miguu, akashusha pumzi ndefu. Kiangazi na kije tu, chakula kipo. Kwa mbali upepo ukaleta sauti nene, "Tayari?" Mtoto mmoja, usingizini, akajibu, "Bado," akageukia upande wa pili.

Na mimi nimefika mwisho. Niliyoyaona nimeyasema, nisiyoyaona nimeyasema pia.

Funzo lake ni hili, enyi watoto: acheni michezo. Michezo ni kupoteza wakati, haijawahi kumfaa mtu yeyote, muulizeni Kiboko.

Hadithi yenyewe nimewapa bure kabisa. Kikapu cha viazi kiko pale mlangoni.