Harusi ya Kijiti na Bi Mameno

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa hiyo ya wagonjwa. Paukwaaa!

"Pakawaaa!"

Hapo sawa. Huyo wa nyuma aache kutafuna karanga, tunaingia shimoni.

Palikuwa na buibui jike, mnene kama kiganja cha mpiga ngoma, manyoya tele. Jina lake Bi Mameno. Mvua za kwanza zikinyesha, madume hutoka kutafuta wake. Dume akifika mlangoni, hupiga mguu: ti-ti-ti! "Hodi, bibi!" "Karibu, bwana!" Anaingia. Kru-kru-kru! Bwana kwisha. Anakuja mwingine. Ti-ti-ti! "Hodi, bibi!" "Karibu, bwana!" Kru-kru-kru!

Sasa kulikuwa na dume mmoja, Kijiti, miguu mirefu, mwili hamna. Alitaka mke, ila alitaka na kuishi. Akatembea akiwaza, akiwaza, mpaka akajikuta ndani ya nyumba ya watu. Humo mwali anafundwa.

"Yalaaa! Lidudu!" akapiga kelele mwali. Mchi ukapanda juu.

"Shusha mchi wewe!" akasema Bi Nunu, somo wa huyo mwali. "Msimu wake huu. Naye katoka kutafuta mwenzake." Akamfunika kwa ungo, pu! Kisha akaendelea kufunda: "Bwana akiingia, kimya. Hufungui mdomo mpaka akupe zawadi. Ukifungua bure, umeikosa."

Kijiti masikio hana, lakini alisikia kwa miguu yote minane.

Bi Nunu akamtoa nje, akamwachia majanini. "Nenda, baba, na heri."

Mbio mpaka shimoni. Ti-ti-ti! "Hodi, bibi!"

"Karibu, bwana!" Mate yanamdondoka.

"Nimekuletea nzige wanono, wako hapo njiani. Ila mila ni mila: bibi harusi hafungui mdomo mpaka akabidhiwe."

"Wanono kiasi gani?"

"Bibi, umefungua!"

"Mmh!" Akaufunga, kabana kabisa.

"Umenikubali?"

"Mmh."

Wakaoana.

"Basi nakwenda kuleta nzige."

"Mmh!"

Chapu-chapu-chapu! Miguu minane, kila mmoja unataka kutangulia. Bi Mameno akangoja, mdomo kaufunga, na madume wengine wakapita mlangoni salama, wakimwamkia.

Kijiti akarudi kwa Bi Nunu. Akasimama kizingitini: ti-ti-ti! Asante kwa ungo, mama. Ti-ti-ti! Asante kwa kushusha mchi. Asante, nina roho, na nina mke!

Bi Nunu akaruka juu ya kitanda. "Nimepokea, baba, nimepokea! Ila shukrani nyingine niletee kwa mbali!"

Basi, wanangu, fundisho ni hili: kutega sikio maneno ya wakubwa yasiyokuhusu ni tabia mbaya, hakujamsaidia mtu hata siku moja.

Ngano yangu nimeitua. Aliyecheka, asante. Aliyelala, asante zaidi, hakunikatiza.