Vitambaa Vyekundu vya Philomena

Philomena alichomoa kijiti majini, akakipima kwa kiganja chake, kisha akafunga kitambaa chekundu kwenye shina la mti uliosimama ukingoni mwa kijito. Alirudi nyuma hatua mbili, akapiga picha kwa simu na kuandika mstari mmoja kwenye daftari. Hatua hamsini kutoka pale, nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, mumewe Thobias alikuwa amechutama. Jasho lilimtiririka ingawa asubuhi ile ya Machi ilikuwa na ubaridi wa mvua. Hicho kilikuwa kitambaa cha tatu tangu aanze kumfuata.

Thobias alikuwa amechimba dhahabu Geita kwa miaka tisa. Huko aliwaona waganga wakifunga vitambaa vya rangi ile ile kwenye mdomo wa shimo ili dhahabu isogee karibu. Alijua pia kwamba waganga wale hurudi siku moja kudai malipo, na malipo yenyewe si fedha kila mara.

Mwezi Januari mkewe alimwambia kwamba anataka kufungua tovuti ya Krismasi. Vijana wengi wa vijiji vya Ushetu walikuwa migodini, nao hawakupata nafasi ya kurudi nyumbani wakati wa sikukuu. Kupitia simu zao wangechagua mbuzi, mchele na mafuta, na mzigo ungefikishwa mlangoni kwa wazazi wao. Thobias alicheka hadi akapaliwa. "Mama Apolonia, wali wa Krismasi iliyopita haujatutoka tumboni, wewe unapika mwingine!" Tangu siku hiyo Philomena hakueleza tena. Kila Jumamosi aliondoka nyumbani kwao Nyasubi alfajiri, akarudi jioni akiwa na matope hadi magotini. Thobias alijiambia kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na Jumamosi hii akaamua kumfuata.

Ghafla filimbi ililia. Wanaume watano wa sungusungu, walinzi wa kijiji, walitokea vichakani na fimbo zao. Mbele alikuwa kamanda wao, Mzee Ndaki.

"Mwangaluka," alisalimu kwa Kisukuma, kama watu wasalimianavyo asubuhi, ila sauti yake haikuwa na joto.

"Mwangaluka, babu. Shikamoo," Philomena alijibu akiinama kidogo.

"Marahaba. Mwanangu, mbona unaufunga mto wetu?"

"Siufungi, babu. Naupima."

"Mto ni pamba, hadi upimwe?" kijana mmoja alidakia. Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyeshusha fimbo. Mwingine alipaza sauti, "Kuna mwenzake kajificha kwenye bani!"

Thobias aliletwa mbele akiwa amelowa matope. Philomena alimtazama kwa mshangao. "Baba Apolonia! Umekuja kunichunguza?"

"Huyu ni nani wako?" Ndaki alimwuliza Thobias.

"Mke wangu."

"Wewe unayelala naye nyumba moja, tuambie. Anafanya uchawi?"

Thobias alitaka kusema hapana, lakini neno lilimkwama kooni kama mwiba wa sato. Kimya chake kilirefuka, na kila aliyekuwa pale alikielewa. Philomena aliinamisha macho.

Alipoyainua, hakumtazama tena mumewe. "Babu, Desemba mvua zitakuwa zimerudi. Nikipokea mbuzi wa mtu halafu nikazuiwa na maji, mzazi atakula sikukuu kwa macho. Nataka kujua kivuko kipi hufurika kwanza na kipi hupitika. Kitambaa kinanionyesha maji yamepanda mpaka wapi."

"Na wekundu?"

"Ni sketi ya shule ya mwanangu, imechakaa. Nikifunga cha kijani penye majani, nitakiona vipi?"

Ndaki alilichukua daftari. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alisoma polepole: "Kwa Mama Lusia. Nyumba ya bati, dirisha la bluu. Maji yakijaa, pita juu kwenye daraja la magogo." Alifungua ukurasa mwingine, na mwingine. Zote zilikuwa nyumba na njia.

"Vitambaa viondoke, vinatisha watu. Weka alama za chokaa," alisema hatimaye. "Lakini kesi haijaisha. Utapita huku ukisindikizwa. Krismasi wazee wakipata mizigo yao, nitatoa hukumu. Wasipopata, usikanyage tena kijijini kwetu."

Miezi ilipita. Mbele ya watu Thobias alinyamaza, ila moyoni shaka haikumtoka. Alipekua mkoba wa mkewe akitafuta hirizi, akakuta kalamu na biskuti. Agosti alishindwa kuvumilia. "Na hiyo tovuti yenyewe iko wapi?"

"Tovuti ni kazi ya wiki mbili," Philomena alijibu bila kuinua kichwa. "Njia ndiyo kazi ya mwaka."

Oktoba tovuti ilifunguliwa. Wachimbaji walipoona nyumba za wazazi wao zimeelezwa hadi rangi ya dirisha, walianza kuagiza, na Thobias akaanza kumsaidia mkewe kupanga mizigo. Mapema Desemba, George, jirani yao wa Nyasubi, naye alifungua yake, yenye picha zinazong'aa kuliko za Philomena. "Shemeji, umehangaika mwaka mzima kwa jambo la siku tatu!" alimtania.

Tarehe ishirini na tatu mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Kesho yake bodaboda za George zilikwama kwenye kivuko cha chini, mbuzi wakilia ndani ya matenga, huku simu za wateja zikimiminika. Wakati huo huo Philomena na Thobias walikuwa wakivusha mizigo juu, kwenye magogo. George aliwafuata akihema, akamvuta Thobias kando.

"Kaka, usinifiche. Mganga wenu yuko wapi? Nitajie tu kijiji."

Thobias alimpa daftari lililokunjamana kwa matope. "Yumo humo. Hata mimi nilimtafuta, na nilianza kabla yako."

George alifunua kurasa. "Lakini hizi ni njia tu!"

"Ndiyo," Thobias alisema, kisha akamgeukia mkewe. "Mama Apolonia, siku ile mzee aliponiuliza, jibu lilikuwa hapana. Nimechelewa kulitoa."

Philomena alimkabidhi kamba ya mbuzi. "Umechelewa kweli. Haya, shika mbuzi huyo miguu, jua linatuacha."

Walifanya kazi hadi giza likaanza kuingia na maji yakagusa magogo. Nyumba nne za ng'ambo zilikuwa bado. Philomena aliwafunga mbuzi wanne kwenye zizi la Ndaki, akazipigia mstari nyumba zile kwenye daftari. "Hizi ni za kesho alfajiri, maji yakishuka," alisema.

Mzee Ndaki aliwaita walinzi wake na wazee waliokwisha kupokea mizigo. "Kesi ya mwezi wa tatu naifunga leo," alisema. "Mama huyu hana dawa. Mtu akiwauliza siri yake, mwambieni hivi: ukiona vyaelea, vimeundwa."