Kwa Nini Kitoni Tunasema "Naenda Uani"

Zamani, wajukuu zangu, mji wetu wa Kitoni haukuwa na nyua. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja tu, wa mbele, na kando ya mlango palikuwa na baraza la udongo ambapo wazee wa kiume walishinda wakinywa kahawa na kusokota kamba. Mwenye haja alikwenda vichakani, nyuma ya mashamba ya mihogo. Na adabu ya siku zile, mwanamke hapiti mbele ya wazee bila kuaga na kusema aendako. Kwa hiyo wanawake walitoka alfajiri, baraza likiwa tupu, kisha wakajizuia mpaka magharibi, wazee walipokwenda msikitini.

Basi Faki, mwana wa Mzee Makame, alioa binti aitwaye Mize kutoka kijiji cha mbali. Mize alikuwa mpole, mwenye haya nyingi. Aliposhika mimba, mchana ukamwia mrefu kama mwezi. Akaacha kunywa maji. Uji aliuonja vijiko viwili, akausogeza. Midomo ikampasuka, na mimba ilipofika miezi saba akashikwa na homa na maumivu ya kiuno, asiweze kusimama.

Waganga waliitwa. Mmoja alisema ni jicho la watu, mwingine akasema ni shetani. Ubani ukafukizwa, kombe likaandikwa na kuoshwa kwa maji ili alinywe. Mama mkwe wake, Bi Kazija, ndiye aliyemshikia bakuli, na ndiye aliyeona kwamba hata dawa ile Mize analowesha midomo tu. Akawatoa watu wote chumbani, akaketi kitandani, akamuuliza taratibu anaogopa nini.

Mize aligeukia ukutani. "Mama, nikinywa nitataka kutoka. Na nikitoka, baba pale barazani ataniuliza nakwenda wapi. Nitamjibu nini?"

Bi Kazija mwenyewe aliharibikiwa na mimba mbili katika nyumba ile, kabla ya kumzaa Faki, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama alikuwa akinywa maji. Aliinuka, akachukua mchi, akaenda chumba cha nyuma, akaanza kuubomoa ukuta.

Mzee Makame alikuja mbio kutoka barazani akiuliza kama mkewe amerukwa na akili. Bi Kazija hakuacha kugonga.

"Ukuta utajengwa," alisema. "Mtoto wa watu akifa, nitamwambia nini mama yake? Kwamba amekufa kwa kukuheshimu wewe?"

Mzee alijikung'uta vumbi la udongo kwenye kanzu. Kisha akaenda kutafuta jembe. Jua halijachwa, nyuma ya nyumba palikuwa na shimo la choo, karo la mawe la kunawia na mtungi wa maji, na Faki na jirani zake walikuwa wamezungusha ua wa makuti pande zote. Mize alishikwa mikono miwili akatolewa kwa mlango ule mpya. Aliporudi aliomba maji, akanywa kikombe, akaomba kingine.

Alipona, akajifungua binti. Siku moja mgeni aliyekuja kupongeza aliuliza, pale barazani, mbona mama wa mtoto haonekani. Mzee Makame akajibu, "Yuko uani," akammiminia mgeni kahawa, na mgeni akafahamu kwamba maswali yamekwisha.

Mwezi ule nyumba nyingi za Kitoni zilibomolewa kuta za nyuma. Na nyua zile, wajukuu zangu, hazikubaki mahali pa haja tu. Wanawake walipanda mirehani kando ya karo. Walisukana nywele, walikuna nazi, walicheka kwa sauti ambayo barazani haikufika. Mimi nilisuguliwa miguu huko na mama yangu, na siri yangu ya kwanza niliisemea huko.

Na tangu siku hiyo, mtu wa Kitoni akisema anakwenda uani, haulizwi zaidi. Nyua zenyewe zimekwisha. Juu yake yamesimama maghorofa kama hili. Nanyi mnanicheka nikiaga kwamba naenda uani, hali naelekea mlango ule wa koridoni wenye kitasa. Chekeni tu. Humo ndani pana vigae na bomba, na ni pasafi kweli, lakini nikifika sina wa kuzungumza naye.