Zamu ya Mwisho ya Bwana Kirangi

Bwana Kirangi alimaliza chai yake, akaenda kwenye mkutano wa mfereji kudai zamu ya kwanza ya maji, kama kila mwaka. Shamba lake lilikuwa kubwa kuliko yote, na akishamwagilia yeye, katika bwawa la mfereji kulibaki tope tu. Kusafisha mfereji aliwaachia wengine. Maharage ya Nanzia, mjane wa bondeni, yalikuwa yamekauka misimu miwili. Msimu wa tatu ungemhamisha kijijini.

"Zamu ya kwanza ni yangu," alisema Kirangi.

"Ni yako, baba," alijibu Nanzia. "Nani mwingine atayaweza maji yale?"

"Yana nini?"

"Si ndiyo yanayokokota matope na vyura waliokufa? Kwetu nilikozaliwa, wadogo humsafishia mkubwa njia, yeye akamwagilia mwisho. Lakini usijali, hayo maji machafu ya kwanza tutayatumia sisi."

Watu walicheka. Kirangi akasimama.

"Ya mwisho ni yangu! Katibu, andika!"

Katibu aliandika. Neno lililoandikwa mkutanoni halikuweza kubadilishwa hadi mavuno.

Jioni Kirangi alihesabu mashamba yaliyomtangulia: thelathini na mawili. Tundu moja tu mferejini, au mvivu mmoja, na bwawa lingekauka kabla ya zamu yake.

Asubuhi iliyofuata, Nanzia alimkuta ndani ya mfereji na vibarua wake wote, tope hadi magotini, akiziba matundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Maji yako hayo, mama, yapokee upesi! Na tafadhali, usimwage hata tone."