Fundi wa Matofali na Barua Yenye Muhuri

Hebu zimeni simu kwanza, waumini, maana leo nimepanda mimbarani nimeudhika.

Kulikuwa na kijiji kimoja kinajenga shule. Kila wakichoma tanuru la matofali, mvua ikinyesha mara moja tu, matofali yanageuka uji. Mara tatu! Siku moja akapita mkimbizi, amevuka mpaka na mke na watoto wanne, na kazi yake tangu ujana ni kuchoma matofali. Akaokota mawili, akayagonganisha, akasikiliza.

"Haya hayajaiva," akamwambia mwenyekiti wa kijiji. "Mnaziba midomo ya tanuru kabla moto haujafika juu. Nipeni hii kazi, mzee. Wanangu wanalala njaa."

Mwenyekiti akafurahi? Thubutu! Akauliza, "Barua ya utambulisho iko wapi? Ya mwenyekiti wa kwenu, yenye muhuri."

"Mzee, sisi tulikimbia risasi. Nani angekaa kugonga muhuri?"

"Utaratibu ni utaratibu, ndugu yangu."

"Basi nijaribuni kwa tanuru moja. Likiharibika, nifukuzeni."

"Lete barua."

Jamani! Matofali ya uji yako mbele yake, fundi yuko mbele yake, yeye anataka karatasi! Wala hakuwa mtu mbaya. Hata sukari alimpa, akawapelekee watoto. Sukari alitoa, kazi, hapana. Mnacheka? Ngojeni.

Wiki mbili zikapita, na tanuru la nne likaharibika. Asubuhi moja mwenyekiti akamkuta mama mmoja mlangoni, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Mume wangu amepita hapa?"

"Marahaba. Mume wako yupi?"

"Yule fundi wa matofali. Alirudi kwetu kufuata ile barua uliyomwambia. Alisema ni siku nne tu."

 Mimi sina la kuwaambia juu ya mume yule, kwa sababu hakuonekana tena.

Sasa tuje kwetu sisi, tunaojiita wasafiri hapa duniani. Mtoto Yesu alipokimbiziwa Misri, Yusufu alipotafuta kazi ya useremala huko, nani alimwandikia barua? Mgeni akija tunamgawia mchele na nguo kuukuu, tunajipongeza weee! Akisema, "Nipeni kazi," tunakunja uso.

Kamati ya ujenzi, msiangalie chini. Yule seremala mkimbizi aliyeomba kazi ya kututengenezea mabenchi, nimesoma mlichoandika juu ya ombi lake: "Alete barua kutoka kanisa lake la zamani." Jana nilipita kwake, nikamkuta anafunga mzigo. Basi la mpakani linaondoka leo saa nane mchana. Sasa hivi ni saa tano na nusu.

Baraka ya mwisho sitoi. Nakaa hapa hapa mpaka mmoja wenu ainuke aende akamwite.